Mstari wa Nne

Opereta aliikalia swichibodi ya simu ya makao makuu ya maktaba kwa miaka ishirini na miwili. Siku moja mafundi wakaja, wakaing'oa, wakaacha matundu manne ukutani. Mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyezungusha maneno, akamwita ofisini.

"Kuna mambo mawili. Ustaafu mapema, au uhamie chumba cha seva. Lakini kule utaanza alifu kwa kijiti."

"Nani atanifundisha?"

"Fundi tuliye naye ni mkweo."

Hapo ndipo pagumu. Fundi huyo alimwoa binti yake wa pekee, na adabu yake ilipitiliza: mama mkwe akiingia, yeye anasimama; akiongea naye, anaitazama sakafu. Mtu wa namna hiyo atakufundisha nini? Opereta akapiga moyo konde. Jumatatu alikuwa mlangoni kabla ya saa mbili, kwapani daftari jipya la kurasa mia mbili.

Chumba kilivuma na baridi yake ilikuwa ya friji. Mkwe akamwonyesha skrini kubwa. Kila tawi la maktaba lina seva yake, kompyuta inayotunza orodha ya vitabu vyake, na kila seva ina kitone chake pale. Programu inazichungulia zote kila dakika: iliyo hai, kitone kijani, iliyokwama, chekundu. Hilo Opereta alilishika kwa wiki moja. Kilichomtoa jasho ni faili la amri. Badala ya kuhangaika na seva moja moja, unaandika mara moja, unatuma, zote zinatii. Lakini nafasi moja ikizidi kwenye mstari, faili zima linagoma. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kichwa kimeota kutu," alisema. "Lakini kutu husuguliwa."

Mkwe hakuthubutu kumsahihisha waziwazi. Akiona kosa, anajikuna shingo, au anasema, "Labda tuliangalie tena, mama."

Mwezi wa pili, Opereta aliandika amri ya kubadilisha mpangilio wa orodha ya vitabu. Mstari wa nne ulitaka jina la tawi moja la kujaribia. Yeye akaandika "zote." Mkwe akaliona neno hilo, akajikuna shingo.

"Mama, si tupate chai kwanza?"

"Chai haikimbii," alisema Opereta, akabonyeza.

Kitone kimoja kikawa chekundu, kisha vitatu, kisha skrini nzima ikaiva kama pilipili. Kumbe kwenye amri yenyewe kulikuwa na herufi iliyorukwa, na sasa kosa lilikuwa limefika matawi yote ishirini na sita. Simu zikaanza kulia. Mkwe akanyoosha mkono kuelekea kibodi. Opereta akauzuia.

"Nimeharibu mimi, natengeneza mimi. Wewe niambie tu cha kufanya."

Ilichukua saa mbili na nusu. Kitone cha mwisho kiliporudi kijani, alikigeuza kiti chake.

"Uliliona kosa kabla sijabonyeza?"

"Niliona, mama."

"Ukanikaribisha chai."

"Ningemwambiaje mama wa mke wangu kwamba amekosea?"

"Kwa mdomo." Hakupandisha sauti. "Nyumbani mimi ni mkweo, na heshima yako naipokea kwa mikono miwili. Humu ndani ni mwanafunzi. Heshima yako leo imezima maktaba ishirini na sita. Nikikosea, sema umekosea. Hebu jaribu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kujimwagia maji baridi. "Mama, umekosea."

"Wapi?"

"Mstari wa nne. Na, samahani, hata wa saba una neno lisilo na kazi."

Opereta akayaandika yote mawili daftarini. Aliona aibu, tena si ndogo. Hata hivyo alikwenda mwenyewe kwa mkuu, akaeleza yaliyotokea bila kumtaja mkwewe.

"Kwa hiyo umekuja kuaga?" mkuu aliuliza.

"Nimekuja ujue. Kazi naendelea nayo."

Tangu hapo masomo yakashika kasi. Mkwe bado aliitazama sakafu, ila maneno yalitoka: si hivyo, mama, futa, mama, hapo sawa. Mwezi wa sita mkuu akataka seva zote ziwekewe programu mpya ya ulinzi kwa siku moja. Opereta akaanza na tawi moja, akakaa nusu saa akilitazama. Kisha matawi matano. Kisha yote yaliyobaki. Vitone ishirini na vitano vikabaki kijani, kimoja kikawa chekundu.

"Tuirudishe ilivyokuwa?" mkwe aliuliza.

Opereta akasoma kumbukumbu za seva ile mpaka mstari wa mwisho. "Hii haikukataa amri. Imekatikiwa umeme." Akapiga simu tawini. "Ndugu yangu, hapo umechomoa waya gani?"

"Joto limezidi," alijibu mtu wa huko. "Nimechomeka feni."

"Feni itafutie tundu lake. Huo waya urudishe, usiuguse tena."

Baada ya dakika chache kitone kikawa kijani. Opereta akaandika ripoti, akaiweka mezani kwa mkwewe. Yule bwana akaipitia bila kuinuka kitini.

"Hukuandika saa uliyoanza, mama."

"Lete," alisema, akachukua kalamu.