Daraja Lisilovunjika

Bright, afisa mipango kutoka Kasese, alipanda kwetu mlimani na kompyuta. Akanionyesha mimi, mwenyekiti wa kijiji, jinsi programu yake inavyobashiri mahitaji ya mwaka ujao. Kwenye matengenezo ya daraja letu ilibashiri sifuri.

"Sifuri? Kila masika mto unalisomba!"

"Mzee, rekodi za miaka kumi hazionyeshi kwamba limevunjika hata mara moja. Mashine inasema ni imara."

Hasira zikanipanda. Kila likisombwa napiga filimbi, watu wanakata mikaratusi yao wenyewe, wanalijenga upya, na siku ya soko la Bwera wanawake wanavuka na kahawa yao. Nani aliwahi kukaa chini kuandika ripoti? Kumbe jasho letu ndilo lililotuletea hiyo sifuri!

Tulibishana mpaka mvua kubwa ikanyesha na kupita. Kisha nikamwambia, "Inuka! Twende mtoni."

Tulikuta nguzo mbili tu zimesimama. Gari lake, aliloliacha ng'ambo, lilikuwa huko huko. Watu walishafika na mashoka, wakingoja filimbi yangu.

Nikaitia mfukoni.

"Wekeni mashoka chini," nikasema. "Safari hii, huyu anaandika kwanza."