Safu ya Domina

Domina alisema haendi, na alipokwisha kusema haendi akaamka alfajiri kukaanga kuku na kusukuma chapati za safari. Ndivyo alivyo. Hasira zake hazijawahi kumnyima mtu chakula.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumfuta machozi. Mwishoni mwa kiangazi hicho bintiye, Anitha, alikwenda Ufaransa na wenzake wa chuo, na siku moja wakapelekwa shamba, kwenye kijiji cha nyumba za mawe chenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Domina alikuwa aende naye. Hata viatu alishanunua. Wakili akamwambia karatasi zake bado ziko mezani kwa wakubwa, akitoka Marekani asitegemee kurudi. Basi akabaki Springfield, Virginia, akaiona Ufaransa kwenye simu, na viatu vikabaki kwenye boksi.

Sasa Septemba ilikuwa inaisha, na Anitha alitaka kumpeleka kwenye mizabibu ya Virginia, mwendo wa saa moja na kitu.

"It's just like kule, Mama. Vilima, mizabibu, everything."

"Mizabibu nimezaliwa nayo," Domina akamjibu, akaubamiza mlango wa gari.

Hakusema uongo. Kwao ni Hombolo, Dodoma, na marehemu baba yake alimgawia kila mtoto safu yake ya mizabibu. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuna safu ya mwenzake. Aliye mbali, zabibu zake ziliachwa zimngoje; asipotokea zililiwa na ndege. Baba aliona heri ndege, kuliko kumvunia mtu kana kwamba amekufa. Safu ya Domina ilikuwa inalisha ndege tangu Anitha akiwa tumboni.

Lakini kaka yake, Ombeni, alikuwa amechoka. Mizabibu ya safu ile imezeeka, anataka aing'oe apande mipya, avune yeye. Bila neno la Domina hathubutu. "Jumamosi nipigie uniambie moja," alimwambia. "Unakuja au huji?" Jumamosi yenyewe ndiyo leo. Kuruhusu ing'olewe ni kutamka kwa kinywa chake kwamba harudi, na neno hilo hajawahi kulisema hata akiwa peke yake jikoni.

Walipofika, msichana mmoja akawamiminia mvinyo wa kuonja. Domina akaiinua glasi, akachungulia chini.

"Huyu ananipa mvinyo au dawa ya kikohozi?"

Anitha alicheka mpaka watu wakageuka. Kisha wakatoka kutembea shambani. Mavuno yalikuwa yamekwisha, safu baada ya safu majani matupu, na Domina alipita akiyagusa. Alitamani vumbi jekundu la kwao. Alitamani kumsikia mtu akimwita kwa jina lake kutoka upande wa pili wa majani.

Mwisho kabisa wa shamba wakaikuta safu moja haijaguswa. Vichala vilikuwa vizito, zabibu zimeanza kusinyaa kwa kuiva, na juu yake wametandika wavu, hata ndege asidonoe. Domina akasimama. Mzee mmoja wa pale alikuwa akikaza wavu, na Domina akamwendea na Kiingereza chake.

"Safu hii ni ya nani? Mnamngoja nani?"

Mzee hakuelewa. Akamwambia kwa upole kwamba hawamngoji mtu, wanangoja sukari ipande. Zabibu hizo ndizo za mvinyo mtamu.

Domina akamshukuru, akageuka upesi. Machozi yalikuwa yameshamtoka. Mtu mzima, kwenda kuwauliza Wazungu habari za baba yake!

"Mama," Anitha akasema nyuma yake. "I asked the same thing. Kule Ufaransa. Niliona safu imebaki haijavunwa, nikauliza wanamngoja nani. Everybody laughed. Me nilidhani watu wote wanafanya hivyo."

Domina akamtazama. Mtoto huyu Hombolo hajawahi kuikanyaga hata kwa bahati mbaya. Akatoa simu, akapiga kwa video. Dodoma jua lilikuwa limeshazama, na Ombeni alikuwa bado shambani.

"Kaka, usiing'oe."

"Kwa hiyo unakuja?"

Domina akashika waya wa mizabibu kwa mkono mmoja.

"Siji," akasema. "Mimi siji, kaka yangu. Safu nampa Anitha. Yeye ana paspoti."

Sauti ya Ombeni ikalegea. "Na huyo Mmarekani ataweza kuvuna?"

Anitha akainama kwenye simu. "Shikamoo, Mjomba. Nakuja mavuno yajayo. Utanifundisha."

Ombeni akacheka, akageuza kamera awaonyeshe safu ya Domina, lakini giza lilikuwa limeingia na hawakuona kitu.

Wakala chapati zao juu ya nyasi, mama na mwana. Anitha akauliza.

"Nikienda, nikuletee zabibu zako?"

"Watazitupa uwanja wa ndege. Matunda hayapiti."

"So nifanyeje?"

Domina akamwekea mwanawe paja la kuku lililobaki.

"Kula hukohuko," akasema. "Ukishiba za kwako, kula na za kwangu."