Breki Mpya

Binti huyu hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Mende aliwaua kwa kandambili, na mbwa wa jirani aliyewatoa wenzake mbio, yeye alimkemea akakaa chini. Lakini ukimtajia dainamiki, somo la vitu vinavyokwenda, alitafuta mlango. Mwaka wa kwanza wa uhandisi walisoma vitu vilivyotulia: daraja limesimama, ngazi imeegemea ukuta, kila nguvu ina mwenzake wa kuizuia. Huko alitamba. Mwaka wa pili vitu vikaanza kwenda, na hapo ndipo vilipomwacha. Alifeli mara ya kwanza, akafeli mara ya pili, na kanuni za chuo hazikuwa na huruma: mara ya tatu unafungasha virago.

Mwalimu wa somo lenyewe wanafunzi walimpa jina la Chukulia, maana hakuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo. Chukulia msuguano haupo. Chukulia kamba haina uzito. Alikuwa mtu mpole, anayevaa sweta hata wakati wa joto, lakini maswali yake yaling'ata.

Nyumbani hakuna aliyejua habari za kufeli. Angemwambia nani? Baba yake alikuwa mwendesha winchi kwenye jengo la ghorofa sita lililokuwa likijengwa nyuma ya soko, na tangu barua ya chuo ilipofika hakumwita binti yake kwa jina tena. Alimwita Injinia, mbele ya wageni na mbele ya muuza mkaa. Winchi yake ilikuwa mtambo wa kizamani: ngoma ya chuma iliyozungushiwa kamba ya chuma, injini ya kupandishia, na breki ya mguu ya kushushia. Mzigo ukishuka, unashuka kwa uzito wake wenyewe, na kinachouzuia ni mguu wa baba, basi.

Jumapili baada ya chakula, baba alitoa kibati kidogo mfukoni akakiweka mezani.

"Injinia, nifanyie hesabu. Wametuletea kamba nyembamba, tena ilishatumika kwingine. Kibati kinasema mwisho wake tani mbili. Jumatano saa tisa tunashusha mashine ya zege kutoka juu kabisa. Kilo mia nane. Vijana wananung'unika, nikawaambia tulieni, nyumbani kwangu nina mtaalamu."

Kichwa kikamvimba binti wa watu. Hata kalamu hakuishika.

"Kilo mia nane kwa tani mbili? Baba, hiyo inabeba mara mbili na bado inabaki nafasi."

"Nilijua tu! Na breki wametufungia mpya. Ile ya zamani ilikuwa unakanyaga leo, inashika kesho. Hii ukiigusa tu, kap! Inashika hapo hapo."

Wakacheka wote wawili, na mama jikoni akacheka bila kujua wanacheka nini.

Jumatano saa nane mchana akaingia kwenye mtihani. Mabegi yalipangwa nje ya mlango, simu zote ndani yake. Chukulia akasoma masharti kwa sauti ya usingizi: atakayetoka kabla ya muda harudi, na karatasi yake itasahihishwa ilivyo. Swali la kwanza lilimtoa jasho. La pili alifika katikati akakwama. Saa ya ukutani ikasema nane na nusu. Akajikaza, akaruka hadi swali la tatu.

Mzigo unashushwa kwa kamba, mwendo wake mita mbili kwa sekunde. Breki inakanyagwa, mzigo unasimama ndani ya sentimita kumi. Kamba inavutwa kwa nguvu kiasi gani? Chukulia kamba haina uzito.

Lilikuwa rahisi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze somo lile hesabu ilimjia yenyewe. Mbili mara mbili, nne. Gawanya kwa mara mbili ya umbali, ishirini. Ongeza kumi za ardhi inayovuta, thelathini. Kamba inavutwa mara tatu ya uzito wa mzigo. Akatabasamu, akapigia mstari jibu lake.

Halafu tabasamu likamkauka. Mara tatu ya kilo mia nane ni tani mbili na kilo mia nne.

Alirudia hesabu akitafuta kosa, na safari hii aliomba kosa liwepo. Halikuwepo. Kosa alilifanya Jumapili, mezani, kichwa kimevimba. Alipima mzigo kana kwamba umening'inia tu, umetulia kama daraja la mwaka wa kwanza, na hakuuliza ukiwa unakwenda itakuwaje ukisimamishwa. Breki ya zamani ilikuwa inateleza, ikawa inawaokoa bila wao kujua. Hii mpya inashika hapo hapo, si kwa sentimita kumi bali kwa unene wa kidole, basi hata mwendo mdogo unatosha kuikata kamba. Na baba hukaa chini kabisa ya jengo, kwenye kiti chake, mzigo ukipita karibu na kichwa chake. Akaweka kalamu chini.

Alisimama. Chukulia akamfuata hadi mlangoni, akanong'ona, "Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Ni swali la tatu."

"La tatu ni rahisi kuliko yote."

"Najua. Nimelipata."

"Ukitoka hurudi, mwanangu. Na wewe unajua hii ni mara ya ngapi."

Alijua. Akamkabidhi karatasi yenye swali moja na nusu na lile la tatu, akachukua begi, akatimua mbio.

Alipiga simu huku anakimbia. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ingawa alijua fika iko wapi: ndani ya koti la baba, na koti liko kwenye msumari, ndani ya kibanda cha saruji. Namba ya fomeni, msimamizi wa jengo, hakuwa nayo. Akapita katikati ya meza za wauza viatu, akagonga beseni la mtu, akatukanwa, hakugeuka. Kifua kilimwaka moto. Njia nzima alikuwa na neno moja tu kinywani, atakalolipiga kwa sauti yote akifika getini: simama! Baba, simama!

Alifika getini saa tisa kasoro dakika tano, na mashine ilikuwa imekwisha kuanza safari kabla ya saa yake. Iko usawa wa ghorofa ya tano, nzito, imetapakaa zege kavu, inashuka taratibu. Chini yake baba, kofia ya plastiki kichwani, mguu juu ya breki.

Alijaza pumzi apige kelele. Halafu akaizuia.

Waendesha winchi wote wamefundwa hivyo: ukisikia sauti kali, mguu kwanza, maswali baadaye. Baba alikuwa na miaka thelathini ya kazi hiyo. Akisikia "simama" tu, mguu utazama kabla kichwa hakijafikiri, na breki mpya itashika hapo hapo. Neno alilokimbia nalo mjini kote ndilo lingemuua baba yake.

Akafunga mdomo. Hata mbio alizikata, kwani msichana akikimbia kwenye eneo la ujenzi lazima mtu apige ukelele. Akatembea. Miguu ilitaka kuruka, akailazimisha itembee kama ya mtu anayepeleka chakula cha mchana. Fomeni akamwona hana kofia, akafungua kinywa. Binti akaweka kidole mdomoni, akamkonyeza, mfano wa mtoto anayetaka kumshtukiza baba yake. Fomeni akacheka kimyakimya, akamwacha apite.

Mashine ilikuwa ghorofa ya nne alipofika ubavuni kwa baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! We, mtihani je?"

"Tutaongea. Angalia mzigo wako, usiniangalie mimi." Alishangaa kusikia sauti yake imetulia hivyo. "Baba, usisimamishe. Breki iongeze kidogo kidogo, usiikanyage."

"Kuna nini?"

"Nakuomba, baba. Kidogo kidogo."

Baba alikuwa mtu wa maswali, lakini alimjua mtoto wake. Akarudisha macho juu. Ghorofa ya tatu. Kamba ilikuwa inalia sauti nyembamba ambayo pengine ililia siku zote, na binti akaona kila uzi wake unamtazama yeye.

Kwenye ghorofa ya pili, kibarua aliyeshika kamba ya kuongozea mzigo akapiga kelele, "Mzee, simama! Kamba yangu imenasa!"

Mguu wa baba ukashuka. Binti akamshika goti kwa mikono miwili. Aliuhisi msuli wa baba ukigombana na miaka thelathini, ukitaka kuzama, ukizuiwa. Mguu ukatua juu ya breki kama unakanyaga yai.

"Achia hiyo kamba yako," baba akamwambia kibarua, kwa sauti tulivu. "Iachie, sogea mbali."

Mashine ikayumba, ikapungua mwendo, ikapungua tena. Ikagusa mbao chini kwa kishindo kidogo. Kamba ikalegea.

Binti akakaa chini kwenye vumbi. Alilia bila kuona haya, na vibarua wakaacha kazi wakamzunguka.

"Nilikosea, baba," akasema mbele yao wote. "Ile hesabu ya Jumapili nilikosea. Ungeikanyaga breki ghafla, kamba ingekatika. Kosa nimeliona leo kwenye mtihani."

"Na mtihani umeuacha?"

"Nimeuacha. Na nilikuwa nimeshaufeli mara mbili, sikukwambia."

Baba aliitazama mashine, akaitazama kamba kutoka chini hadi juu.

Fomeni akawapasua katikati kwa kicheko. "Sasa kilio cha nini? Si imeshuka salama? Kamba ni nzima. Haya, mzee, kuna jenereta juu linangoja, kilo mia tisa. Tusipotezeane muda kwa ndoto za watoto."

Vibarua wakamtazama baba. Baba akamtazama binti yake, akamwinamia.

"Una uhakika na hii hesabu ya leo?"

Neno lile lilimtisha. "Jumapili ndiyo nilikuwa na uhakika," akasema. "Leo ninaogopa."

Baba akazima mtambo, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Fomeni akaanza kufoka, na baba akaenda kibandani kuchukua koti lake.