Juma la Familia

Kila Jumatatu asubuhi Madamu Vernier alitundika picha mpya ukutani, na picha hiyo ndiyo iliyolitawala juma zima. Ikiwa picha ya matunda, watoto waliyahesabu matunda, wakayaimba, wakayachora na kuyafinyanga kwa udongo hata wengine wakayaota. Likapita juma la mvua, likapita la wanyama wa nyumbani. Madamu alikuwa mama wa Kifaransa mwenye bidii, na aliamini kwamba mtoto mdogo hulielewa jambo likimzunguka pande zote.

Bahia hakubisha. Alikuwa msaidizi tu katika darasa lile la watoto wadogo, pale Mahajanga barabara inapouacha mji wa Wazungu na kuelekea Mahabibo. Alikata karatasi, akapika uji wa gundi, akawafuta watoto makamasi, na juu ya yote alifasiri. Madamu alisema Kifaransa. Watoto walisema Kibuki, lugha ya Wamalagasi, na baadhi yao Kingazija cha mama zao. Maneno yote yalipita kinywani mwa Bahia, yakienda na kurudi. Jioni alijiona kama daraja lililokanyagwa na mikokoteni ya ng'ombe kutwa nzima. Miguu ilimvimba. Mumewe alikwisha kufa, mtoto hakupata, na mara nyingi alijisemea kwamba mwaka huu ukiisha atarudi kwao Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be, akae barazani asiulizwe neno na mtu.

Jumatatu hiyo ya mwaka wa arobaini na nane picha ilikuwa ya familia. Babu wa Kizungu amekaa karibu na moto, kiko mdomoni. Bibi anafuma sufu. Baba anasoma gazeti. Watoto walitaka kujua kwa nini yule mzee amekaa jikoni na viatu. Bahia akawaambia kwao ni baridi, na hilo likatosha.

Siku ya pili Madamu akaagiza watoto wajenge nyumba. Bahia akapanga makasha pembeni ya darasa, akatandika mkeka, akaweka vifuu vya nazi viwe vyungu, na juu ya meza moja fupi akatupa leso ianguke mpaka chini. Watoto wakagawana kazi. Oumi, msichana mwembamba asiyekuwa na maneno mengi, akasema yeye ni mama. Chaïbou akawa baba, Mariyama mtoto, na Youssoufa mgeni.

Bahia alikuwa ameketi, anakata karatasi, hana hamu ya kutazama. Kilichomfanya ainue kichwa ni ukimya. Watoto wakicheza nyumba hugombana, lakini hawa hawakusikika.

Oumi alikuwa amemwingiza Chaïbou chini ya meza na kuishusha leso mbele yake. "Usikohoe," alimwambia kwa sauti ya chini. Youssoufa alipobisha hodi, Oumi akamziba Mariyama mdomo kwa kiganja, akamkazia macho mpaka yule mwenziwe akatulia, kisha akaenda mlangoni na tabasamu dogo la mtu mzima. Akasema baba wa nyumba hayupo, amekwenda Ngazija tangu mwaka jana, na khabari zake hazijafika. Mgeni alipoondoka, alipitisha kifuu cha chakula chini ya leso na kumhimiza baba ale upesi. Halafu akachukua kopo, akalifunika kitambaa, akalibeba kwa mikono miwili huku uso ameugeuzia pembeni, akaenda kulimwaga nyuma ya mlango.

Mkasi ukasimama mkononi mwa Bahia. Mtoto anaweza kubuni simba, anaweza kubuni jini. Kopo lile hakuna mtoto angelibuni.

Mahabibo nzima ilimjua baba yake Oumi. Djaanfar alikuwa Mwantalaotra, mmoja wa wale Waislamu wa pwani waliochanganya damu, seremala wa bandarini, na alikuwa mtu wa mikutano ya kile chama cha kudai uhuru kilichopigwa marufuku baada ya maasi ya kuwapinga Wafaransa mwaka uliopita. Wenzake walikamatwa mmoja mmoja. Yeye alitoweka, na mkewe, Ansoifa, akawa anawaambia watu amekwenda Ngazija.

Madamu Vernier naye alikuwa anatazama, uso umemng'aa. "Anasema nini huyu mdogo?" akauliza.

Bahia akasikia uchovu wote wa miaka ile ukimkalia mabegani. Ingekuwa rahisi kusema hakusikia vizuri.

"Anasema baba ana homa," akajibu. "Asipigwe na upepo."

Madamu akapendezwa. Akasema mchezo ule lazima urudiwe Ijumaa, maana siku hiyo wangepata wageni: mkaguzi wa shule, na pamoja naye mke wa mkuu wa polisi, ambaye alipenda sana watoto. Mkaguzi angekuja na mwalimu mmoja Mmalagasi ajuaye Kifaransa, basi Bahia asingehitaji kujichosha kwa kufasiri.

Mchana ule Bahia alimshika Oumi mkono akampeleka nyumbani mwenyewe. Ansoifa alikuwa uani anamimina mikate ya mchele, uso umeiva kwa moto. Alipomwona Bahia akainuka kwa heshima, akamkaribisha kiti, akamtuma mtoto kwa jirani kuomba kuni.

"Mwanangu," Bahia alisema, "mtoto wako anacheza."

"Watoto kazi yao kucheza, Bi Bahia."

"Anacheza nyumba yako."

Ansoifa akaacha kumimina. Mkate ukaungua katika chuma chake na hakuunyanyua. Bahia akamweleza yote, ya leso, ya kukohoa, ya kopo, na ya wageni wa Ijumaa. Alizungumza polepole, maana hakuwa na nguvu ya kuzungumza vinginevyo. Alipofika pale Oumi alipomziba mwenzake mdomo, kukasikika mbao zikilia ndani, na mtu akateremka kutoka darini, pale chini ya mabati ambapo hata paka hakai mchana. Ansoifa alimkimbilia kumzuia, lakini Djaanfar alikwisha kusimama nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa amekonda, ngozi imepauka kama kitu kilichofunikwa na gunia.

"Alimziba kwa nguvu?" akauliza.

"Kwa nguvu," Bahia akasema.

Djaanfar akakaa chini palepale. Akasema alipoingia darini mtoto alikuwa anaimba kutwa, hata majirani wakilalamika. Yeye ndiye aliyemfundisha kunyamaza. Alimfundisha vizuri, na mtoto akashika. Akasema amechoka, na afadhali ajitokeze wamchukue kuliko kuendelea kumfanya mwanawe mlinzi wa gereza.

"Ukijitokeza hapa watamchukua na mkeo kwa kukuficha," Bahia alimwambia. "Kuchoka tumechoka wote. Ngoja mpaka Ijumaa."

Hakujua bado Ijumaa italeta nini. Neno lilimtoka tu. Alipokuwa njiani kurudi kwake alijilaumu. Nani alimtuma? Lakini alimkumbuka ndugu yake Bacar, aliyekuwa akipakia chumvi na mchele katika meli ndogo ya moshi iendayo Nosy Be, na juma lile meli ilikuwa bandarini. Alhamisi, siku ambayo shule hufungwa, alimfuata huko. Bacar hakutaka hata kusikia. Alisema ana watoto, alisema manahodha wanaangaliwa, alisema dada yake amezeeka vibaya. Bahia hakumbembeleza. Aliketi juu ya gunia la chumvi kivulini, akavua viatu, akakaa. Bacar alipakia, akapita mbele yake, akapakia tena. Mwishowe akasimama na kusema wapagazi huingia baada ya sala ya Ijumaa, na mpagazi mmoja akizidi yeye hatamwona. Jioni ile Bahia akampelekea Ansoifa khabari.

Ukabaki mchezo. Kumzuia Oumi asije shule siku ya wageni kungeleta maswali. Bahia alilifikiria jambo hilo usiku kucha na asubuhi akamwendea Madamu na kumwambia kwamba huku kwetu familia haionekani vizuri nyumbani. Huonekana arusini, maana hapo hukutana jamaa wote, wajomba na mashangazi. Madamu alisita, kwa kuwa alikwisha kuipenda ile homa. Lakini arusi ilikuwa na nyimbo, na nyimbo zilikuwa katika ratiba yake, akakubali.

Basi Bahia akaiondoa leso na meza, akafungua nyumba yote, akatandika mikeka mpaka katikati ya darasa. Mariyama akawa bibi arusi, Chaïbou bwana arusi, Oumi mama wa bibi arusi. Wengine wakapewa makopo wapige ngoma. Bahia alitaka kelele. Katika arusi hakuna anayejificha, na Oumi mwenyewe, polepole, alianza kupiga makofi.

Wageni walipofika walibisha mlangoni.

Oumi alisikia kabla ya wote. Makofi yakamfia mikononi. Alimrukia Chaïbou, akamvuta shati, akamsukuma nyuma ya makasha, kiganja mdomoni mwake, na kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia akasema kwa Kibuki, "Nyamaza, wamekuja kukuchukua." Ngoma zikanyamaza. Mke wa mkuu wa polisi alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake nyeupe, anatabasamu, na mkaguzi akamgeukia mwalimu wake amfasirie.

Mwalimu huyo aliitwa Msaidié, mwanamume wa makamo mwenye suti iliyopigwa pasi sana. Alimtazama Oumi. Akamtazama Bahia. Bahia hakumfanyia ishara yoyote. Hakuwa na ishara ya kufanya. Alingoja tu, kama mtu anavyongoja wimbi ambalo hawezi kulikimbia.

"Ni mila yao," Msaidié alisema kwa Kifaransa safi. "Bwana arusi hufichwa, jamaa wa mke wakija kumchukua."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Madamu Vernier akaona fahari, akasema ndiyo maana ya kuanzia kwa yale anayoyaishi mtoto. Ngoma zikarudi. Msaidié hakuangalia tena upande wa Bahia, na alipoondoka hakuaga ila kwa adabu ya kawaida.

Darasa lilifungwa karibu na adhuhuri. Bahia akamshika Oumi mkono kumrudisha nyumbani, akitaraji kwamba watakuwa wamechelewa na Djaanfar amekwisha kupita kwenda bandarini. Lakini walipoingia barabara ya Mahabibo adhana ilikuwa inaitwa, na wanaume walikuwa wametoka kila mlango, kanzu nyeupe juu ya kanzu nyeupe, wakielekea msikitini. Katikati yao alikuja mmoja mrefu, mwenye kofia iliyoshushwa kipajini, anapepesa macho kama mtu aliyetupiwa mchanga. Alikuwa anatembea kwa tahadhari, kama aliyesahau ardhi ilivyo ngumu.

Oumi alimwona. Bahia alihisi kile kimkono kikikaza ndani ya chake. Alingoja mtoto aite, na alijua akiita hakuna atakayeweza kufanya lolote.

Oumi hakuita. Aliinua mkono uliokuwa wazi akajiziba mdomo mwenyewe. Djaanfar akapita, karibu kiasi cha kugusana kanzu na leso. Hakugeuka. Msitu wa kanzu ukammeza. Mtoto alibaki na kiganja mdomoni mpaka walipofika uani kwao, na Bahia ndiye aliyekitoa, kidole kimoja kimoja.

"Sasa unaweza kusema," akamwambia.

Oumi akasema ana kiu.

Ansoifa na mtoto walifuata baadaye, kama watu waendao kumzuru jamaa. Bahia akawaandalia chumba Ambanoro kwa dada yake, Roukia. Djaanfar akavushwa Nosy Sakatia, kisiwa kidogo cha jirani, akawa anatengeneza milango na vitanda vya watu kwa jina la mtu mwingine.

Shule zilipofungwa Bahia naye akaenda kwao. Alimkuta Ansoifa anamimina mikate ile ile katika ua mwingine, na mara akaona kwamba khabari si njema. Djaanfar alikuwa amekwenda Hell-Ville, mji mkubwa wa Nosy Be, kununua misumari, akakutana uso kwa uso na mtu wa Mahajanga aliyemjua. Hakukimbia, akakamatwa. Walimhukumu kifungo, lakini mkewe hawakumgusa, kwa kuwa mume hakukutwa nyumbani kwa mke.

Bahia aliketi uani. Aliona miguu yake iliyovimba, akaona kwamba yote yale, arusi, gunia la chumvi, kanzu, hayakuokoa kitu.

"Usinihuzunikie sana, Bi Bahia," Ansoifa alisema. "Kule darini angenifia. Huku kila Jumapili alivuka kuja kwetu, wakashinda na bintiye wakizunguka, wanatafuta kaa. Hata akaungua mgongo kwa jua. Nilimpaka mafuta mimi mwenyewe."

Roukia alimsihi dada yake abaki. Kiti kilikuwapo barazani, na hakuna ambaye angemuuliza neno. Bahia alikaa humo likizo nzima, akalala mchana, akamsikiliza Oumi akigombana na watoto wa jirani. Kisha alipanda meli akarudi Mahajanga. Alipoulizwa kwa nini, alisema tu kwamba darasa linafunguliwa.

Zaidi ya miaka miwili ikapita. Asubuhi moja Bacar alifika mpaka mlangoni mwa darasa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia dada yake kwamba Djaanfar ametoka, yuko Ambanoro, amekonda na ana kikohozi kibaya, lakini tayari ameomba mbao. Watoto walikuwa wamesimama mstari kungoja kunawa mikono, mikono imejaa udongo, kwa kuwa juma lile lilikuwa la ndege. Bahia alimshukuru ndugu yake. Akavuta kiti kimoja cha watoto, kile kifupi, akakaa, na kwa muda kidogo akawaacha wangoje.