Miguu ya Hussam

Mtoto alikuwa kimya mno. Rumana aliinama kumsikiliza mwanawe Hussam: pumzi zilikuwa fupi fupi, shingo imelowa jasho. Madirisha yamefungwa, feni imezimwa. Mama wa mumewe, Bi Shahnaz, alisema upepo haumfai mzazi wala kichanga kabla ya arubaini.

Asubuhi, baada ya kumkanda mafuta, Bi Shahnaz alimnyoosha mtoto miguu, akaibana goti kwa goti, akamviringisha leso toka mabegani hadi nyayoni, akakaza. Lakini muuguzi wa kliniki alikuwa amesema kifuani pawe na nafasi ya kupita vidole, miguu iachwe ikunjike, na mtoto asitiwe joto.

Sasa Rumana alishika ncha ya leso.

"Wafanya nini, mwanangu?" Bi Shahnaz alikuwa mlangoni na bakuli la uji.

"Ana moto, mama. Nataka kumfungua."

"Wenzako waomba watoto walale, wewe wataka wako alie!"

"Hajanyonya tangu asubuhi."

"Na miguu ikipinda?"

Rumana aliishikilia ile ncha ya leso. Mwanamke huyu alikuwa akimwosha na kumlisha, hamwachi ainue hata ndoo. Angemwambiaje amekosea? Akamgusa mtoto shavuni. Kwa kawaida angegeuza mdomo kutafuta ziwa. Hakugeuka.

Akaivuta leso.

Kifua kilikuwa na alama za mikunjo ya nguo. Miguu ilibaki imenyooka, imetulia.

"Hussam! Hussam, babangu!" Akamsugua nyayo.

Bi Shahnaz aliweka bakuli chini, akaenda akafungua dirisha mwenyewe. Ndipo magoti yakainuka polepole, yakaangukia pembeni, na mtoto akatoa kilio kikavu. Akapewa ziwa, akalishika, akaliacha.

"Babake nalimfunga legelege," Bi Shahnaz alisema, macho yakiwa miguuni pa mtoto. "Mtaa mzima wa Bondeni walimwita Matege. Alikuwa akija nyumbani akilia. Nikasema mjukuu wangu hatachekwa."

"Labda haikuwa leso, mama."

"Labda." Akaweka kiganja shingoni mwa mtoto, akakiacha hapo. "Bado ana moto. Vaa buibui, akatazamwe kliniki."

"Arubaini je?"

"Vaa, nimekwambia."

Bi Shahnaz alimbeba mwenyewe, leso imemfunika kiunoni tu. Kwenye ngazi alisimama kila mara, akainama kusikiliza. Rumana, nyuma yake, alitazama vidole vidogo vya miguu vikitikisika nje ya nguo, na kila vilipotulia, alishindwa kushuka.