Jumamosi za Niboye

Tangu mvua za Septemba zianze, Winifred alikuwa havumilii harufu ya mdalasini. Kila Jumamosi jioni mumewe Conrad na binti yao Shami walirudi nyumbani Rebero, mjini Kigali, wakinukia mdalasini, rangi ya mbao imewaganda kwenye kucha, wanacheka jambo ambalo ukiwauliza wanakujibu, "Ungekuwepo ungeelewa." Hapo roho ilimuuma mtoto wa watu, ilimuuma kwelikweli. Tusimfichie: ulikuwa wivu, tena wa kumwonea wifi yake mwenyewe.

Wifi huyo ni Mukunde, dada yake Conrad, anayekaa Niboye katika nyumba ya vyumba viwili. Oveni hana. Keki anaoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, vilevile alivyokuwa akifanya mama yao walipokuwa wanakulia Karagwe, huko Tanzania, kabla familia haijarudi Rwanda. Vyombo vyake karibu vyote ni vya mtumba. Mwezi ule alikuwa ameokota kabati huko Muhima, limekosa mguu mmoja na mlango wake unaning'inia, akampigia kaka yake simu eti aje amsaidie kidogo. Na Conrad, ambaye kwake hajui hata nyundo inakaa wapi, ghafla akawa fundi.

"Kwani hapa nyumbani hakuna kazi?" Winifred alimuuliza Jumamosi ya tatu.

"Zipo," Conrad alisema, anafunga kamba za viatu. "Lakini wewe una mafundi wako."

Maneno gani hayo ya kumwambia mke? Winifred aliyatafuna wiki nzima kule ofisini. Kwani kosa lake nini? Ni kweli mwaka jana Conrad alipaka rangi viti vya barazani, na ni kweli kesho yake alipokwenda kazini yeye aliita fundi akavipaka upya. Lakini vilikuwa na michirizi, na wageni wangesemaje? Na huyo Shami naye, Jumapili iliyopita si alifunguliwa oveni mpya, vipimio vipya, siagi ya bei? Winifred alishika mwiko mara moja tu, kumwonyesha. Halafu akamlainishia keki juu. Halafu akampambia. Kuja kushtuka, mtoto yuko chumbani na kitabu chake. Watoto wa siku hizi hawana subira, alijiambia, na bado akaona mwenye makosa ni Mukunde. Mtu gani huyo anayechukua familia ya mwenzie kwa keki iliyoungua?

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ulipokwisha na watu wakaweka majembe chini, baba na mwana wakaondoka tena. Winifred alisubiri nusu saa, akachukua mwavuli, akawafuata. Alikuwa ameshakata shauri. Leo anawarudisha nyumbani, na kuanzia leo Jumamosi zinakuwa zake.

Kicheko alikisikia kabla hajaufikia mlango. Kilikuwa cha Shami, kile kirefu kinachoishia kwa kikohozi, na Winifred hakukumbuka ni lini alikisikia mara ya mwisho nyumbani kwake. Alisimama kwenye mvua anasikiliza, mtu mzima mzima. Kisha akapiga hodi na kuingia.

"Karibu, wifi," Mukunde alisema. "Pole na mvua. Kaa hapo, hicho kiti kinacheza lakini hakiangushi mtu."

Winifred hakukaa. Alikuwa anawaangalia watu wake. Kicheko kilikuwa kimekatika. Shami, unga umemfika masikioni, alikuwa ameshachukua kitambaa na anafuta meza haraka haraka. Conrad naye alikuwa amesogea akasimama mbele ya kabati, mikono nyuma.

"Bado hatujamaliza, mama Shami," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kabati lenyewe lilionekana tu, hata akilizibia. Lilikuwa la kijani mpaka katikati, na kutoka hapo la bluu, kwa kuwa kopo la kwanza liliisha. Mguu uliokosekana ulikuwa tofali. Winifred alitaka kusema, akameza.

"Zuri," alisema.

Conrad aliangalia chini, na ikawa wazi kwamba hakuamini.

Mukunde ndiye aliyeokoa mambo. Alikata donge la unga akamwekea wifi yake mezani. "Tunafanya biskuti za umbo la ng'ombe, wale wa pembe ndefu. Tazama wa Shami, ana miguu mitano. Kaka yangu anasema, samahani, mumeo anasema mguu mmoja tukate tulipatie kabati."

Kumbe hilo ndilo walilokuwa wanachekea. Ng'ombe wa Shami alikuwa mnene, pembe moja imelala, na huo mguu wa tano umechomoza ubavuni. Winifred alinawa mikono. Vizuri, alijisemea, na mimi nitacheka nao. Akaukanda unga, akautengeneza taratibu, na mikono yake haikujua kukosea: pembe mbili zilizopinda sawasawa, shingo, nundu, miguu minne.

"Mama unajua," Shami alisema kwa sauti ndogo.

Winifred alijaa furaha, ndiyo furaha yake ya kwanza mwezi ule. Alimgeukia mwanawe, akamkuta amemchukua yule ng'ombe wa miguu mitano, amemfinyanga mkononi akawa donge tena, na anaanza upya, jicho halibanduki kwa ng'ombe wa mama yake. Mukunde aliona. Conrad aliona.

"Kwa nini umemvunja?" Winifred aliuliza.

"Alikuwa mbaya."

"Mimi nilimpenda. Nilimpenda kweli, Shami. Mtengeneze tena yuleyule."

Shami alimtazama baba yake kwanza, aone kama ni mtego. Halafu akalitazama donge la unga mkononi, akaligeuza mara mbili.

"Nimesahau alivyokuwa, mama," alisema, akasubiri kuelekezwa.