Bega la Kombora

Wenzake katika timu ya wasichana ya mpira wa mikono walimwita Kombora, kwa sababu kipa aliyedaka mpira wake alibaki akipuliza viganja. Alikuwa na miaka kumi na sita. Siku ya nusu fainali aliruka kurusha, mlinzi akamvuta mkono kwa nyuma, bega la kulia likachomoka.

Hospitalini daktari alilirudisha polepole, kisha akauliza, "Limewahi kutoka kabla ya leo?"

"Wala!" mama yake akadakia. Alikuwa ametoka mbio kwenye cherehani yake, tepu ya kupimia ingali shingoni.

Kombora akaukodolea macho ukuta. "Limewahi. Miezi miwili iliyopita, mazoezini. Kocha alilivuta likarudi. Akasema nisikutie presha."

"Na wewe ukanyamaza? Tunalala chumba kimoja!"

"Ungenikataza kucheza."

"Ningekuleta hapa, mtoto wewe!"

Daktari akawatuliza. Kwa umri wake, alisema, bega likishatoka mara moja ni rahisi kutoka tena. Lilipotoka mara ya kwanza lilihitaji picha na mapumziko, si kuvutwa uwanjani. Sasa ni miezi sita bila kurusha. Likitoka tena, watazungumzia upasuaji.

Fainali ilikuwa baada ya wiki tatu.

Jumapili kocha alibisha hodi. "Mama, tukilifunga vizuri, acheze japo dakika kumi."

"Mwalimu, ulilivuta bega la mwanangu kama unang'oa kisiki, ukamfunga na mdomo. Leo umerudia kipi?"

Kocha akamgeukia Kombora. "Wewe mwenyewe unasemaje?"

Alitaka kucheza hata akaona aibu. "Uliniambia halina shida," akasema. "Nikakuamini. Sichezi."

Timu ilishinda bila yeye. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko maumivu. Msichana aliyechukua nafasi yake alibebwa juujuu, na Kombora, mkono wa kulia ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa, akapiga makofi kwa kujigonga paja.

Wiki zilizofuata alivuta utepe wa mpira uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, zoezi la kitoto, kila jioni, bega likitetemeka kama la kikongwe.

"Kumi na moja," mama alihesabu, pini mdomoni.

"Nimechoka na huu upuuzi!"

"Choka. Kumi na mbili."

Akasonya, akavuta tena.